Andikeni mali ya marehemu kabla watu hawajatawanyika



Leo sizungumzii mbolea wala viwavijeshi. Msimu huu katika kata yangu nimehudhuria misiba minne, na katika yote minne nimeona jambo lile lile nililoliona nyumbani kwetu huku Mbozi mwaka 2016. Wapo watakaosema afisa kilimo ametoka nje ya kazi yake. Sijatoka. Shamba linalokufa kwa sababu mwenye shamba amekufa ni kazi yangu pia.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye kila msiba kuna meza ndogo, na kwenye meza kuna kijana mwenye mwandiko mzuri na daftari. Anaandika rambirambi. Anaandika jina, kitongoji, shilingi 2,000, debe moja la mahindi, mzigo mmoja wa kuni, mchele kilo tatu. Haikosekani hata mia. Jioni wazee wanajumlisha na kusoma mbele ya watu. Ni utaratibu mzuri na sijawahi kusikia kijiji kimeukataa. Lakini marehemu mwenyewe, aliyekuwa na ekari nne, ng'ombe watano, hisa kwenye kikundi na watu kumi na wawili anaowadai, mali yake haiandikwi popote. Tulichotoa sisi tunakiandika. Alichoacha yeye tunakiacha vichwani mwa watu, tukisema tutakaa kikao siku ya arobaini.

Mimi nasema arobaini ni mbali mno. Siku arobaini ni muda ambao mahindi yanatoka kuota hadi kufika kiunoni. Ni muda wa kutosha mbuzi watatu kuhama zizi, mifuko ya mbolea kupungua, na jirani kusogeza mpaka kwa hatua nne. Maoni yangu ni kwamba daftari lile lile la rambirambi lifunguliwe kwa nyuma, siku ya pili au ya tatu baada ya mazishi, kabla ndugu waliotoka mbali hawajapanda basi, na mali yote ya marehemu pamoja na madeni yake iandikwe humo mbele ya mashahidi.

Niwaeleze kwa nini nalisema kwa uchungu. Baba yangu alifariki katikati ya Januari. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, mifuko mitatu ya urea ilikuwa stoo, nami nilikuwa chuoni nikisomea diploma ya kilimo. Nilipofika nyumbani nilikuta watu wamejaa, na wazee wakaamua achinjwe ng'ombe mmoja. Akakamatwa aliyekuwa karibu na mlango wa zizi. Alikuwa maksai, mmoja wa jozi ambayo baba alilimia mashamba yetu na kulimia watu wengine kwa malipo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, waombolezaji walitakiwa kula. Lakini maksai mmoja havuti plau peke yake, na kumfundisha mwenzake mpya kunataka muda na mtu anayejua. Novemba iliyofuata mama alikodi plau kwa fedha taslimu, yeye ambaye miaka yote watu walikuja kukodi kwake.

Ile mifuko mitatu ya urea, mmoja tu ndio ulioonekana tena. Simu ya baba ilichukuliwa na ndugu mmoja "ili isipotee", na ilikuwa imepotea kwetu tangu siku hiyo. Ekari mbili baba alikuwa amezikodi kwa misimu miwili, kwa maneno tu, na mwenye shamba alipoulizwa alisema ni msimu mmoja. Aliyeweza kumbishia alikuwa kaburini. Ekari zetu tatu za nyumbani, zilizokuwa zikitupa gunia 50, mwaka ule zilitoa gunia 19, kwa sababu palizi ilisimama wiki tatu na urea iliwekwa mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, tena kwenye nusu ekari tu. Mdogo wangu alichaguliwa kidato cha tano, akaripoti shuleni akiwa amechelewa mwezi mzima tukimtafutia ada na godoro.

Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilikaa kwenye jamvi siku tisa nikipokea pole, na mara mbili nilitaka kuchukua daftari nikasita, kwa sababu niliona aibu kuuliza habari za mali wakati udongo wa kaburi haujakauka. Aibu hiyo ndiyo inayotuumiza wengi. Mtoto akiuliza ng'ombe wapo wangapi, anaambiwa ana haraka ya kurithi. Mjane akiuliza fedha za kahawa, anaambiwa alikuwa anasubiri mzee afe. Basi kila mwenye haki ananyamaza, na asiye na haki hanyamazi.

Kuandika si kugawana. Naomba neno hili lisemwe wazi na mzee wa ukoo mwenyewe kabla kalamu haijashikwa: leo hatugawi kitu, tunahesabu. Mkishalitenganisha hilo, hata wenye wasiwasi hutulia. Waalikeni mwenyekiti wa kitongoji na, akiweza, mtendaji wa kijiji. Awepo mke au mume wa marehemu, watoto wakubwa, mzee mmoja wa ukoo na jirani mmoja asiye ndugu. Kama mjane ni Mwislamu na yuko kwenye eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, daftari limfuate ndani asomewe kila mstari, msimwandikie mambo nyuma ya ukuta. Kila ukurasa usainiwe au uwekwe dole gumba, kisha mtu apige picha kwa simu na kuzituma kwa watu watatu tofauti. Daftari likiungua, picha zitabaki.

Mkianza kuandika, anzeni na mashamba, maana ndiko ugomvi uliko. Msiandike "shamba la bondeni" mkaishia hapo. Andikeni ekari kwa kukadiria, majirani wa pande zote nne kwa majina, miti au mtaro unaoonyesha mpaka, na namna marehemu alivyolipata: alirithi, alinunua, alipewa na serikali ya kijiji, au amekodi. La kukodi liandikwe lilikodiwa kwa nani, kwa shilingi ngapi, na linaisha lini, na mwenye shamba aitwe aseme mbele ya watu siku ile ile. Mtu anayeweza kugeuza maneno mwezi wa saba huona vigumu kuyageuza siku ya tatu ya msiba, majirani wote wakiwa wamekaa pale. Kama kuna hatimiliki ya kimila, isomwe ina jina la nani. Familia ambazo hati yao ina majina ya mume na mke, mjadala huwa mfupi sana. Zile ambazo mume aliandikwa peke yake kwa sababu siku ya upimaji mama alikuwa shambani, mjadala huwa mrefu.

Kwenye mifugo, hesabuni waliopo zizini na pia waliopo nje. Wafugaji wanajua ninachosema. Mitamba miwili iko kwa rafiki ng'ambo ya mto kwa makubaliano ya kugawana ndama, mbuzi mmoja yupo kwa shangazi, na katika wale waliopo zizini huenda wawili si wa marehemu, ni wa mtu aliyemwekea. Kila mnyama rangi yake, umri wake na alama yake. Hapo hapo kubalianeni nani hachinjwi wala kuuzwa: maksai wa kulimia, ng'ombe anayekamuliwa, na jike mwenye mimba. Kama watu lazima wale nyama, anunuliwe au achinjwe dume lisilo na kazi. Mimi ningependa hata hilo lipunguzwe, maharage na mchele vinatosha kabisa, lakini najua hapo nitagombana na wazee wangu, kwa hiyo nabaki kwenye maksai.

Mazao yaliyo stoo yahesabiwe kwa gunia au debe, na mnayopika kwa ajili ya msiba yaandikwe yametoka mangapi. Mkulima wa kahawa huwa ameacha stakabadhi kila alipopeleka mzigo AMCOS. Zitafuteni. Huwa ziko kwenye mfuko wa koti, ndani ya Biblia au Msahafu, juu ya kabati, au kwenye kopo la majani ya chai. Kahawa inaweza kuwa na malipo ya pili yanayokuja miezi baadaye, na asiye na karatasi atabaki kusubiri huruma ya watu. Mwendeeni karani wa chama mumuulize marehemu alipeleka kilo ngapi msimu huu, ana mkopo gani wa pembejeo, na kama kwenye fomu ya uanachama aliandika jina la mrithi. Swali hilo hilo mulipeleke kwenye SACCOS, na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundini ana hisa, pengine ana mkopo, na pengine kikundi kina mfuko wa jamii unaotoa fedha mwanachama akifariki. Kuna familia huchukua ile fedha ya mfuko wa jamii wakashukuru na kuondoka, kumbe hisa za mwaka mzima bado zimo kwenye sanduku.

Simu nayo ni mali, wengine ni benki yao kabisa. Isizimwe. Akabidhiwe mtu mmoja mbele ya mashahidi, na jina lake liandikwe, kazi yake ikiwa kuichaji na kupokea. Wanunuzi watapiga, wadaiwa watapiga, ujumbe wa malipo utaingia. Najua tunachofanya vijijini: anayejua namba ya siri anatoa fedha zote usiku, kisha anasema laini ilikuwa tupu. Hizo fedha ni za mirathi kama zilivyo za benki. Utaratibu ulio salama ni kwamba msimamizi wa mirathi aende kwenye duka la mtandao husika na cheti cha kifo na karatasi za mahakama. Ni mzunguko, ndiyo. Lakini ndugu wawili wasiosalimiana kwa miaka kumi kwa ajili ya shilingi 180,000, mzunguko huo ni mrefu zaidi. Mkumbuke pia kwamba namba ya mkulima ya mbolea ya ruzuku ilisajiliwa kwa jina la marehemu na simu yake. Msiendelee kuchukulia mbolea kwa jina la mtu aliyekufa. Mjane au kijana atakayelima afike ofisi ya kijiji ajiandikishe kwa jina lake mwenyewe, tena afanye hivyo mapema kabla msimu haujafunguliwa.

Kwenye madeni tuna desturi nzuri ya kutangaza makaburini: anayemdai marehemu na anayedaiwa na marehemu wote waonane na familia. Kwa uzoefu wangu, wanaodai hujitokeza jioni ile ile. Wanaodaiwa wanahitaji kukumbushwa. Kwa hiyo daftari la madeni la marehemu likipatikana liwekwe pamoja na lile la mali, na orodha isomwe. Kwa upande wa wanaodai, msilipe kitu siku za msiba hata mtu akilia. Andikeni jina, kiasi, deni la nini, na shahidi ni nani, mmwambie atalipwa na msimamizi atakapopatikana. Deni la kweli halipotei kwa kuandikwa. Deni la uongo mara nyingi hupotea likiandikwa.

Sasa shamba. Huku kwetu mtu akifa hakuna anayekwenda shambani mpaka azikwe, na hiyo ni heshima, siigusi. Ninachokiomba ni cha baada ya kuzika. Palahala pana vijana ishirini wamekaa chini ya mwembe wanacheza bao na kusubiri chakula, na mita mia tatu kutoka hapo mahindi ya marehemu yanasongwa na magugu. Mahindi yakikosa palizi kwenye wiki za tatu hadi ya sita, hayalipi tena hata ukipalilia vizuri baadaye. Basi asubuhi moja tu, vijana kumi waingie na majembe saa kumi na mbili, saa nne wawe wamerudi kwenye msiba. Hiyo ni rambirambi kubwa kuliko shilingi 2,000, na ningependa iandikwe daftarini: fulani na fulani, palizi, ekari moja na nusu. Mwaka jana kitongoji kimoja hapa kwetu kilifanya hivyo baada ya mimi kupiga kelele sana, wakaweka na urea ya mama wa watu, na Julai amevuna kama kawaida yake.

Vitu visivyosubiri ni vichache, mvijue. Ng'ombe wa maziwa akiachwa bila kukamuliwa siku mbili kiwele kinaweza kuvimba na kuugua. Maharage yaliyokauka shambani yakipigwa na mvua yanaoza. Mahindi yaliyovunwa na kurundikwa bila kuanikwa huvunda, na hiyo sumukuvu mtakula ninyi. Kahawa iliyoiva inadondoka. Vingine vyote vinaweza kusubiri wiki moja. Mahindi yaliyokauka vizuri yatieni kwenye mifuko ya kinga njaa mfunge, ili asitokee mtu wa kusema yauzwe haraka kwa sababu yanabunguliwa.

Na hapo nageukia wafanyabiashara, ambao wengi ni rafiki zangu. Mnajua nyumba yenye msiba inahitaji fedha, na mnajua ni nani huko ndani atakayekubali bei yoyote. Ukinunua gunia kumi za lumbesa kwa shemeji wa marehemu usiku, umenunua mali ambayo muuzaji hana mamlaka nayo, na msimamizi atakapoteuliwa anaweza kukudai mbele ya hakimu. Subirini. Kama familia ina shida ya kweli ya fedha za mazishi, iuzwe kiasi kinachotosha, mchana, mbele ya wale wale mashahidi, na bei iandikwe. Ninyi wenyewe pia mtakufa, kama sisi sote, na biashara zenu ziko kichwani kuliko mashamba yetu. Mzigo ulionao dukani ni wako au ni mali kauli ya mtu wa mjini? Yule mkulima uliyechukua ufuta wake ukamlipa nusu, mkeo anamjua? Kibanda umelipia mpaka mwezi gani? Nimeona mjane akifungiwa kibanda chenye mzigo wake ndani kwa kodi ambayo mume alikuwa ameshailipa, lakini risiti ilikuwa kwenye pochi aliyozikwa nayo. Angalieni na mifuko ya nguo kabla ya kumvalisha.

Tuje kwenye karatasi. Aliyefia hospitalini, hospitali itawapa karatasi ya taarifa ya kifo pamoja na kibali cha mazishi. Aliyefia nyumbani, taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji kabla ya kuzika, mpate kibali na barua. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, na kwa wilayani usajili huo unafanyika kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Msingojee mpaka benki iwaulize. Jambo moja ambalo limewasumbua watu wengi ni jina. Mgonjwa anapelekwa hospitali usiku, anayemsindikiza anataja "Baba Neema" au jina la utani, karani anaandika hivyo hivyo. Kitambulisho cha taifa kina jina lingine, AMCOS lingine, benki herufi moja imezidi. Hapo mtaanza kuzunguka na viapo vya mahakamani kuthibitisha kwamba watu watatu ni mtu mmoja. Kwa hiyo kabla hamjaondoka na karatasi ya hospitali, isomeni mkiwa na kitambulisho chake mkononi, mkosoe pale pale.

Kisha mirathi. Watu wa vijijini tunaogopa neno hili kama la matajiri. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa wengi wetu iko makao makuu ya tarafa au kata, na kwa mirathi za aina nyingine karani atawaelekeza mahakama inayohusika. Mfungue mahali marehemu alipokuwa akiishi. Nasisitiza, kwa sababu mtoto anayefanya kazi Dar es Salaam hupenda kufungua huko aliko, mama akabaki huku hajui kinachoendelea, na baadaye shauri zima linapingwa. Mtakwenda na cheti cha kifo, na mahakama huuliza muhtasari wa kikao cha ukoo kilichopendekeza msimamizi. Ile orodha mliyoiandika siku ya tatu ndiyo itakayomsaidia msimamizi, kwa sababu ndani ya miezi minne tangu ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni. Asiye na orodha huanza kubuni.

Msimamizi si mrithi mkuu wala mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili na kurudisha hesabu mahakamani. Ukoo ukishamchagua kaka mkubwa anayeishi mjini kwa sababu tu ni mkubwa, mmechagua mtu asiyejua hata mpaka wa shamba uko wapi. Mahakama inaweza kuteua zaidi ya mmoja. Mimi ningewashauri mjane au mtoto aliyekuwa akilima na marehemu awe mmoja wao, na mtu wa ukoo anayeaminika awe wa pili, ili kila mmoja amwangalie mwenzake.

Kuhusu wajane, nasema bila kuzunguka. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana sehemu katika urithi iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo, eti matunzo yake yatatoka kwa watoto. Wazee wengi hutaja kanuni hizo hata kama hawajawahi kuziona. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alikuwa ameshaamua katika kesi iliyotoka Kagera kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwacha mjane huru kukaa anapotaka, kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa. Hakuna anayeweza kumwambia arithiwe na shemeji ndipo abaki kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Akitishiwa, aende kwa mtendaji, na asiposikilizwa aende Mahakama ya Mwanzo siku hiyo hiyo anayotishiwa. Asisubiri mpaka amefungashiwa vyombo.

Watu huniuliza, si bora mtu aandike wosia akiwa hai? Ni bora, tena sana. Lakini tangu niajiriwe nimewahamasisha watu waandike wosia na walioniitikia hawafiki watano. Mtu anaona anajichulia. Kwa hiyo nimebadilisha ombi langu. Nunua daftari la kurasa 40, andika mashamba yako, mifugo yako, vikundi vyako, unaowadai na wanaokudai, mwonyeshe mwenzio mnapoliweka. Liite daftari la shamba. Mimi nikipita kwenye ukaguzi nitaliomba hata hivyo, maana bila kumbukumbu hizo siwezi kukushauri kama kilimo chako kinalipa.

Mama yangu analo. Baada ya yale ya 2016 alijifunza kuandika kila kitu, na jozi mpya ya maksai alianza kuinunua miaka mitatu baadaye, mmoja kwanza, wa pili mwaka uliofuata. Majina yao yako ukurasa wa kwanza, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu kwamba hawa hawachinjwi kwenye msiba wowote, hata wake.

Anayetaka mfano wa jinsi ya kuchora kurasa hizo afike ofisi ya kata Jumanne au Alhamisi asubuhi, nitamchorea bure, aje na kalamu na rula. Siku ya gulio nipo upande wa wauza mbegu. Wiki ijayo tunarudi kwenye viwavijeshi, nimeshaona mayai kwenye mashamba mawili ya bondeni, kwa hiyo anzeni kukagua majani kwa chini kila asubuhi.